Mcheza Kwao Hutunzwa: Maisha ya Siti binti Saad, Binti wa Fumba



Mwaka huu kurasa hizi tumempa mtu ambaye jina lake limefika mbali kuliko mwengine yeyote aliyezaliwa kwetu. Marehemu Siti binti Saad anajulikana Dar es Salaam, Mombasa na Ngazija. Wanafunzi wa sekondari wamesoma maisha yake. Wanawake wanahabari wa Tanzania waliliita jarida lao kwa jina lake, Sauti ya Siti. Kila Februari wageni humiminika Mji Mkongwe kusikiliza muziki ndani ya Ngome Kongwe, katika mji ambao yeye ndiye aliyeutangaza kwa sauti kabla ya redio kufika.

Wengi wa wageni hao hawajui Fumba iko wapi. Na vijana wetu wengi wanajua tu kwamba palikuwa na bibi aliyeimba. Kwa hivyo tumeona tusimulie maisha yake kwa utaratibu, maana ndani yake mna deni letu, na deni hilo ndilo tutakaloliomba mtusaidie kulilipa mwisho wa makala haya.

Mtoto aliyeitwa Mtumwa

Siti alizaliwa Fumba takriban mwaka 1880. Baba yake, Saad, asili yake ilikuwa Unyamwezi, Tabora. Mama yake alikuwa Mzigua kwa asili, wa upande wa Tanga. Wote wawili walizaliwa hapa hapa Unguja. Mtoto wao hawakumpa jina la Siti. Walimwita Mtumwa.

Jina hilo halikuwa la mzaha. Soko la watumwa la mjini lilifungwa mwaka 1873, lakini kufungwa kwa soko hakukumfungulia mtu mlango. Waliokuwa kwenye mashamba waliendelea kuwa mali ya mtu. Amri ya kuuondoa utumwa mbele ya sheria ilitoka mwaka 1897, na wakati huo Mtumwa binti Saad alikuwa amekwishakuwa mwanamke mzima. Alizaliwa katika hali hiyo, akakulia humo, na jina lake lilimkumbusha kila alipoitwa. Jina la Siti, ambalo kwa Kiarabu ni bibi mwenye heshima, lilikuja baadaye. Kutoka Mtumwa hadi Siti ni maneno mawili tu, lakini umri wake mzima umo katikati ya maneno hayo.

Kazi ya nyumbani kwao ilikuwa kilimo na ufinyanzi. Ardhi yetu tunaijua sote: mawe ya matumbawe, udongo mchache, muhogo unaoota baina ya jiwe na jiwe. Mwenye kutegemea shamba peke yake hakushiba. Basi mama yake alimfundisha kufinyanga. Huchimbwa udongo, huondolewa vijiwe, hukandwa mpaka ulainike, hufinyangwa kwa mkono, huanikwa kivulini usije ukapasuka, kisha huchomwa kwa kuni na makuti. Chungu kikitoka kizima motoni, hapo ndipo kazi ya pili huanza, nayo ni kukipeleka kwa mnunuzi.

Mnunuzi alikuwa mjini, karibu kilomita 20. Siti alibeba vyungu vyake kichwani akenda navyo kwa miguu, akivitembeza mtaa kwa mtaa akivinadi. Inasimuliwa kuwa hapo ndipo watu walipoanza kuigundua sauti yake. Mwenye kutembeza bidhaa lazima asikike mpaka ndani ya nyumba, na yake ilisikika. Watu walitoka kutazama ni nani anayenadi hivyo, na wengine walinunua chungu kwa kuipenda ile sauti tu.

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Msemo huo ulimfaa Siti kuliko watu wengi. Mikono iliyowatengenezea wengine vyombo vya kupikia ilirudi nyumbani na pesa za kununulia chakula cha siku chache tu. Na hazina yenyewe aliyokuwa nayo, yaani sauti, hapakuwa na mtu kijijini wa kumwambia aitumie vipi.

Njia ya mjini

Mwaka 1911 Siti aliacha kutembeza vyungu na kurudi. Alihamia mjini akae huko. Umri wake ulikuwa kama miaka 30, na kwa wakati ule mwanamke wa umri huo alihesabiwa kuwa maisha yake yamekwishapangika. Yeye alianza upya.

Hatuandiki haya kuwalaumu wazee wetu. Skuli za serikali kwa wasichana zilikuwa bado hazijafunguliwa. Hapakuwa na mwalimu wa ala za muziki shamba, wala mtu wa kumlipa mwanamke aimbe. Fumba ilimpa Siti pumzi, masikio na ustahamilivu wa kubeba mzigo mzito njia ndefu. Mafunzo hatukuwa nayo, naye akayafuata yalipo.

Alifikia Ng'ambo, upande wa pili wa ule mkono wa bahari uliokuwa ukiutenga na Mji Mkongwe. Mji Mkongwe ulikuwa wa majumba ya mawe, wafanyabiashara na wakubwa. Ng'ambo ilikuwa ya nyumba za udongo na makuti, na waliokaa huko ni wachukuzi, mafundi, vibarua wa bandarini, watumwa wa zamani na watoto wao. Kila mtu huko alikuwa ametoka mahali fulani. Mgeni kutoka Fumba hakuonekana kioja.

Muziki uliokuwa ukitukuzwa mjini ni taarabu. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyeuleta muziki huo kutoka Misri ukapigwa katika kasri lake. Mwaka 1905 vijana wa mjini waliunda chama chao, Ikhwani Safaa, ambacho kipo hadi leo. Lakini taarabu ya wakati ule iliimbwa kwa Kiarabu, ikipigwa na wanaume na kusikilizwa na wenye nafasi. Waliokuwa wakifua nguo na kuchota maji nje ya majumba hayo waliisikia ikipita dirishani, na wengi wao hawakuyafahamu maneno.

Mmoja wa wanamuziki wa Ikhwani Safaa aliisikia sauti ya Siti akaona si ya kuachwa ipotee. Alimfundisha kuimba kwa taratibu za taarabu, akamfundisha ala, na akamwongoza katika Kiarabu. Siti hakujua kusoma wala kuandika. Kila kitu alikihifadhi moyoni: mashairi, mahadhi, pahala pa kuvuta na pahala pa kukata. Tukumbuke kuwa huyu ni mtu mzima mwenye miaka 30, asiye na skuli, akijifunza kwa kusikia na kurudia.

Habari za mtaa kwa wimbo

Baada ya muda Siti alikuwa na kundi lake mwenyewe. Majina ya wenzake hayafai kusahauliwa: Subeti bin Ambar, Buda, Mbaruk Talsam na Maalim Shaaban. Nyumba ya Siti huko Ng'ambo ikawa ndipo mahali pao pa kukutania jioni. Kila mmoja alikuja na habari aliyoiokota mchana. Nani kadhulumiwa na nani kahukumiwa, tajiri gani kakataa kulipa, bibi gani kaachwa. Walizungumza, wakatafuta maneno, wakayapatia mahadhi. Majirani walikaa nje wakisikiliza, na kesho yake wimbo ulikuwa umekwishasambaa kisimani na sokoni.

Wimbo ulikuwa kwa Kiswahili. Hilo ndilo jambo kubwa alilolifanya. Hakuiacha taarabu ya Kiarabu, aliijua na aliiimba vizuri. Lakini aliwafungulia mlango watu wasiokijua Kiarabu, muziki wa kasrini ukawa unasema mambo ya mtaani kwa lugha ya mtaani. Taarabu tunayoijua leo, ya Kiswahili, yenye mafumbo na vijembe na masikitiko, imepita katika mlango huo.

Wimbo wake unaokumbukwa sana ni Kijiti. Kisa chake kilikuwa cha kweli. Mwanamke kutoka Dar es Salaam alikuja Unguja kutembea. Mtu aitwaye Kijiti alimchukua usiku kwa jina la kwenda ngomani, akamfanyia ukatili na kumuua, kisha akavuka bahari akakimbilia Bara. Wanawake waliokwenda mahakamani kutoa ushahidi ndio waliotiwa hatiani, na muuaji akabaki huru. Magazeti ya wakati ule hayakuwa ya watu wa Ng'ambo, na hukumu za mahakama hawakuwa na uwezo wa kuzipinga. Siti aliwaimbia jambo walilokuwa wakilinong'ona. Leo, miaka mingi baadaye, jina la muuaji bado linatajwa kwa aibu kwa sababu ya wimbo huo.

Wakati huo huo aliitwa kuimba kwa wakubwa. Sultani Khalifa bin Harub alishika utawala mwaka ule ule wa 1911 ambao Siti alihamia mjini, na sauti ya Siti ilifika kasrini. Aliimba katika harusi za matajiri wa Mji Mkongwe, kisha akarudi kulala Ng'ambo. Hakuhama. Watu waliomsikiliza barazani kwake bila ya kulipa hata pesa moja walisikia sauti ile ile iliyosikilizwa na masultani.

Maadui nao walikuwapo. Walimtungia maneno ya kumkumbusha alikotoka, kwamba ni mtu wa shamba aliyeingia mjini na kaniki yake, kwamba hana uzuri wa sura, na kwamba lau si hiyo sauti asingekuwa na chochote. Walidhani kulitaja shamba ni kumtukana. Siti aliwajibu kwa wimbo. Hakuwatusi. Aliwaambia kuwa sura na nasaba si kitu, na kwamba ila ya kweli ni mtu kukosa akili. Alijibu mara moja akaendelea na kazi yake. Na sisi tuliobaki huku shamba tunapaswa kuona fahari kwamba hakuwahi kuikana Fumba ili apendeze mjini.

Bombay, 1928

Mwaka 1928 kampuni ya santuri ya HMV ilimwita Siti na kundi lake wasafiri hadi Bombay, India, wakatiwe sauti zao kwenye santuri. Walipanda meli wakavuka bahari ya Hindi. Wakati huo hapakuwa na mahali pa kurikodia muziki katika nchi zetu. Siti ndiye mwanamke wa mwanzo wa Afrika Mashariki kurikodiwa, na santuri hizo ni miongoni mwa za kwanza kabisa za nyimbo za Kiswahili.

Ziliporudi huku zilinunuliwa kwa kasi ambayo kampuni yenyewe haikuitarajia. Gramafoni zilikuwa ghali, kwa hivyo watu walisikiliza kwa pamoja. Mkahawa mmoja ukiwa na gramafoni, mtaa mzima ulikuwa na Siti. Sauti iliyokuwa ikinadi vyungu ikawa inasikika Mombasa, Dar es Salaam, Tanga na Lamu, kwa watu ambao hawajawahi kutia mguu Unguja. Kundi lilirudi tena Bombay, na kampuni nyengine za santuri nazo zikaanza kutafuta waimbaji wa pwani.

Jambo hili lina uzito kwa lugha yetu pia. Kwa miaka mingi watu wa mbali walikuwa wakikijua Kiswahili kwa vitabu na kwa amri za serikali. Santuri za Siti ziliwapelekea Kiswahili cha Unguja jinsi kinavyosemwa na wenyewe, kikicheka, kikilia na kikiteta.

Siti aliendelea kuimba mpaka uzeeni. Karibu na mwisho wa uhai wake alitembelewa na Shaaban Robert, shaha wa fasihi ya Kiswahili, ambaye alikaa naye na kumuuliza habari za maisha yake. Matunda yake ni kitabu Wasifu wa Siti binti Saad, ambacho vizazi vya wanafunzi vimekisoma. Mwandishi mkubwa wa wakati wake aliona kwamba katika watu wote wa pwani, huyu mfinyanzi asiyejua kusoma anastahiki kuandikiwa kitabu. Siti alifariki mwaka 1950. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Waliokuja baada yake

Sauti haikuzikwa. Miongoni mwa watoto waliokuwa wakimsikiliza Siti alikuwamo Fatuma binti Baraka, ambaye dunia imemjua kwa jina la Bi Kidude. Alizichukua nyimbo za Siti akaziimba kwa sauti yake nzito mpaka alipofariki mwaka 2013, akiwa amezunguka Ulaya na Asia. Kitukuu wa Siti, Siti Muharam, naye ni mwimbaji, na mwaka 2020 alitoa albamu yenye jina la Siti wa Unguja akimuenzi bibi yake.

Mjini kuna chuo cha muziki cha Nchi za Majahazi, kilichoanza mwaka 2002, ambapo vijana hufundishwa udi, kanuni, fidla na ngoma. Tangu 2004 kuna tamasha la Sauti za Busara kila Februari. Hoteli hujaa, madereva hupata abiria, kina mama wa mapishi Forodhani huuza. Huo ni uchumi uliojengwa juu ya urithi wa muziki, na urithi huo una mkono wa Fumba ndani yake.

Lakini tamasha hilo hilo linatupa funzo. Mwaka 2016 halikufanyika, kwa sababu fedha hazikutosha. Halikukosa wasanii wala wasikilizaji. Lilikosa wachangiaji. Sifa peke yake hailipi mafuta ya jenereta wala nauli ya mpiga fidla. Urithi usiochangiwa hunyamaza hata kama kila mtu anausifu.

Deni letu

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Kwa Siti haikuwa hivyo. Alitunzwa Ng'ambo, akatunzwa kasrini, akatunzwa Bombay. Kwao alikuwa Mtumwa, mwenye chungu kichwani. Wazee wetu hawakuwa na cha kumtunzia, na Mungu atawahukumu kwa uwezo wao. Sisi tutahukumiwa kwa wetu.

Tunaiona Fumba ya leo inavyobadilika. Barabara ya lami imefika. Majengo mapya yanaota, watu wageni wanahamia, na ardhi iliyokuwa ya muhogo ina bei ambayo babu zetu wasingeiamini. Hatuyachukii maendeleo. Lakini wakaazi wapya wakija wakakuta kijiji kisichojua habari zake, watatuandikia habari nyengine. Jina la Siti litabaki kuwa kibao cha kuwavutia wateja, na wenye damu yake na udongo wake watalisoma kama wageni.

Kwa hivyo tunaomba mchango wenu wa mwaka huu kwa mambo matatu.

La kwanza ni mafunzo ya muziki kwa watoto wa Fumba, wasichana kwa wavulana. Tunataka ala za kujifunzia, na mwalimu atakayekuja huku kwa siku maalumu za wiki. Kwa wale watakaoonesha kipaji, tunataka nauli ya kwenda kusoma mjini na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Siti ilimbidi ahame. Mtoto wa leo asilazimike.

La pili ni kuzirikodi sauti za wazee wetu. Wako kina bibi wanaozijua nyimbo za unyago, za kufinyanga na za kubembeleza watoto. Wako wavuvi wanaozijua nyimbo za kuvuta jarife. Simu ya mkononi inatosha kuanzia, lakini panahitajika mtu wa kuzipanga, kuziandika maneno na kuzihifadhi skuli ili watoto wazisome. Kila tunapozika mzee tunazika na kitabu.

La tatu ni usiku mmoja wa muziki kwa mwaka, hapa hapa Fumba. Hatuushindani na tamasha la mjini. Tunataka watoto watakaofunzwa wapate pahala pa kuimba mbele ya wazazi wao, na wazee wapewe heshima wakiwa hai. Hapo tutaweza kusema kwa haki kwamba mcheza kwao hutunzwa.

Hesabu za mwaka uliopita zimo mwisho wa kijarida hiki, kila mtu azione. Mwenye kingi atoe kingi, na mwenye kidogo asione haya kukitoa. Aliye mbali asiyeweza kufika kwenye hafla atume kwa ndugu yake wa nyumbani, au kwa mweka hazina wa mtaa wake, na adai risiti. Na mwenye udi uliokaa ukutani, au fidla ya marehemu baba yake isiyopigwa, nayo tutaipokea kwa mikono miwili.

Binti mmoja aliwahi kutoka kijiji hiki na chungu kichwani, na nyuma yake hakuacha mtu wa kumwambia arudi kufundisha wenzake. Huenda hivi sasa yuko mwengine, anauza samaki au anachota maji, na majirani wanasema tu kwamba ana sauti kubwa. Tumsikilize mapema.

Wabillahi tawfiq.